Karatasi yetu ya mgomba inakatika na kujikunja, tukimbilie kostiki na jiki?

"Habari mtaalamu. Sisi ni kikundi cha akina mama nane huku Bukoba vijijini, tumeanza kutengeneza karatasi kwa mikono kwa kutumia migomba maana huku ndo imejaa na mkungu ukishakatwa shina linabaki tu shambani. Tunakatakata shina vipande vidogo, tunachemsha na maji ya majivu kama saa moja na nusu, tunasaga kwa blenda ya nyumbani, tunachota kwa fremu yenye wavu wa dirisha alafu tunaanika juani. Karatasi zinatoka ila zina mabonge, zikikauka zinajikunja, ukizikunja zinakatika, na ukiandika kwa peni ya wino, wino unasambaa. Jamaa mmoja ametushauri tuachane na majivu tutumie kostiki soda na jiki ndo itakuwa nyeupe na imara, mwingine anasema hizo ni sumu na tutapoteza sifa ya bidhaa ya asili. Lengo letu ni kuuza mifuko ya kubebea maana ya plastiki ilishapigwa marufuku. Tufanyeje, na je, karatasi ya mgomba kweli ni rafiki wa mazingira au tunajidanganya?"

Habari za huko dada, na salamu kwa wenzio wote. Swali lako limebeba mengi ila ukiyapanga ni mambo mawili: karatasi haishikani, na mnataka kujua kama dawa kali ndo suluhisho na kama mkizitumia bado mtaweza kuwaambia wateja kwamba mnafanya kitu cha asili. Nianze na jibu kabisa ili usiendelee kusoma na wasiwasi: hakuna hata shida moja kati ya hizo ulizotaja ambayo jiki itaiondoa, na ule udhaifu wa karatasi itauongeza. Shida yenu iko kwenye sehemu ya shina mnayotumia, muda wa kuchemsha, na hiyo blenda. Blenda hasa. Mkirekebisha hayo, majivu yenu yanatosha kabisa, na nitaeleza kwa nini, maana mtu akishaelewa kinachotokea ndani ya sufuria hayumbishwi tena na kila anayepita na ushauri wake.

Wengi wanadhani karatasi inashikwa na gundi. Hamna gundi. Mmea umejengwa kwa nyuzi za selulosi, na nyuzi hizo zimegandishwa pamoja na kitu kinaitwa lignini, ndo inayofanya shina liwe gumu na liweze kusimama. Sasa nyuzi za selulosi zikilowa, zikasogeleana alafu maji yakatoka, zinashikana zenyewe kwa zenyewe, haidrojeni ya uzi huu inavutwa na oksijeni ya uzi wa jirani, ni mvuto mdogo sana ukiuchukua mmoja mmoja lakini kwenye karatasi moja iko mingi isiyohesabika na hapo ndo nguvu inapotoka. Lignini ikiwa bado imefunika uzi, huo mvuto haupati pa kushika. Kwa hiyo kazi yenu yote ni kuondoa lignini kwa kuchemsha na alkali, yaani kitu kikali kama maji yenu ya majivu, alafu kuponda nyuzi ili zichanuke ziwe na eneo kubwa la kushikana. Bahati nzuri mgomba uko upande wenu, mti wa kawaida una lignini kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wake, nyuzi za mgomba zina pungufu ya hapo kwa mbali, ndo maana mtu mwenye sufuria na kuni anaweza kuifanya kazi ambayo kwenye mbao inahitaji kiwanda chenye mitungi ya presha.

Tuanze na shina lenyewe. Umesema mnakatakata tu, nadhani mnaingiza kila kitu pamoja na ule moyo mweupe wa katikati, na hapo tayari karatasi imeshaanza kuharibika. Moyo na zile nyama laini zenye maji hazina nyuzi za maana, ni seli fupi nyembamba ambazo zikikauka zinasinyaa vibaya sana, zinafanya karatasi iwe ngumu ngumu, inayong'aa kidogo, inayojikunja na kukatika ukiikunja. Umeshaona dalili zenyewe. Chukueni yale maganda ya nje ya shina, yanayochambuka tabaka tabaka, yalazeni juu ya ubao na myakwangue kwa kisu butu au kipande cha bati kisicho na makali mpaka nyama itoke zibaki nyuzi ndefu. Ni kazi ya mikono kweli na mtaona mavuno yamepungua, shina bichi zaidi ya asilimia 90 ni maji, yaani kilo 100 mkizikausha hamfikishi kilo 10, na mkikwangua zinapungua tena. Msishtuke, ule uchafu uliotoka haukuwa karatasi. Nyuzi zikishakauka ndo mzikate vipande vya sentimita 2 mpaka 3, mzipime uzito, mziloweke usiku kucha.

Kwenye kuchemsha, saa moja na nusu kwa maji ya majivu ni ndogo. Majivu yanatoa potasiamu kaboneti, alkali nzuri tu lakini ya upole, na ukali wake unategemea kuni gani zilichomwa na umechuja vipi. Majivu ya miti migumu na ya maganda ya ndizi ni makali, yale ya takataka za jikoni zilizochanganyika na udongo ni kama hakuna kitu. Chujeni kwa ndoo yenye matundu chini na kitambaa, maji ya moto yapite taratibu, alafu hayo maji myapitishe tena kwenye majivu mapya. Kama mnaweza kupata vikaratasi vya kupimia pH, yaani ukali wa hayo maji, vinauzwa maduka ya vifaa vya maabara, mnataka isomeke 11 au zaidi kidogo. Hapo chemsheni masaa matatu hadi manne tangu maji yaanze kutokota, mkifunika, mkigeuza mara moja moja. Ila msiangalie saa peke yake, angalieni uzi: toa mmoja, usuuze kwenye maji safi, uvute kwa upana. Ukifunguka wenyewe ukawa kama utando, umeiva. Ukikatalia umeshikana kama kamba, rudisheni. Watu wengi wanaoniletea karatasi zenye mabonge wameruka hilo jaribio, wanachemsha mpaka kuni ziishe basi.

Majivu yakiwa ya shida au hayatabiriki, kabla ya kufikiria kostiki kuna kitu cha katikati ambacho mnakijua vizuri, magadi. Yale mawe ya sokoni ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na bikaboneti, na kile kipande cha bikaboneti kikichemka muda mrefu nacho kinageuka kuwa kaboneti, kwa hiyo sufuria inavyozidi kuchemka ndo inapata ukali. Mkipata soda ashi safi ya watengeneza sabuni, ambayo ni sodiamu kaboneti tupu, kipimo kinachofanya kazi ni gramu 200 kwa kila kilo moja ya nyuzi kavu kwenye maji lita 20 hivi. Magadi ya mawe yana mchanga na chumvi nyingine, wekeni kama gramu 300, yayeyusheni pembeni kwanza yatulie, mmimine yale maji ya juu tu. Soda ya kuokea mikate msihangaike nayo, ni dhaifu na ni ghali.

Kostiki sasa. Jamaa yenu hajadanganya kwamba inafanya kazi, inakula lignini haraka na viwanda vinaitumia. Na anayesema ni sumu naye ana lake, ila si kwamba itabaki kwenye karatasi na kumdhuru mteja, mkisuuza vizuri haibaki. Hatari ni kwenu nyinyi mnaochemsha. Tone moja la kostiki ya moto kwenye jicho linaweza kumpofusha mtu. Kwa nyuzi za mgomba sioni sababu ya kuingia kwenye hatari hiyo, labda siku mkianza kufanya majani ya mahindi au mabua kwa wingi, na hata hapo soda ashi kwa muda mrefu zaidi inaweza. Kama bado mtaamua kuijaribu, basi miwani ya kufunika macho, glavu ndefu za mpira, viatu vya kufunika, na mtu mwenye mtoto mgongoni asikaribie kabisa. Kostiki inatiwa kidogo kidogo ndani ya maji ya baridi, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, italipuka usoni. Ikimrukia mtu, maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kuacha, alafu hospitali hapo hapo hata kama maumivu yamepungua, jicho msilitie siki wala limao wala maziwa.

Na hili linahusu alkali zote mpaka majivu: msitumie sufuria za aluminiamu. Najua ndo zimejaa majumbani. Alkali inaila aluminiamu, inatoa gesi ya haidrojeni inayoweza kuwaka, na inawatobolea sufuria. Tafuteni chuma cha pua, au enameli isiyobanduka, au pipa la chuma ambalo halijawahi kubeba dawa wala mafuta machafu, kutu yake itapaka karatasi rangi kidogo ila kwa karatasi ya kahawia haina neno.

Tufike kwenye blenda. Blenda ina visu, na kisu kinakata. Mnachukua uzi mrefu ambao ndo mali yenyewe ya mgomba, mnaukata vipande vifupi, alafu mnashangaa karatasi inakatika. Uzi unatakiwa upondwe, usikatwe. Ukiponda uzi uliolowa, uso wake unachanuka kama ncha ya kamba kuukuu ya katani, unatoa vinyweleo vidogo vidogo, na hivyo ndo vinavyokwenda kushikana na vya jirani wakati wa kukauka. Sasa kifaa cha kuponda mnacho tayari, kinu na mchi. Wajapani mpaka leo kuna mafundi wanaoponda magome yao kwa magongo juu ya meza. Nyinyi chukueni fungu dogo la nyuzi zilizoiva, zilizosuuzwa mpaka maji yametoka masafi na hayana utelezi, zikamueni zibaki na unyevu tu, mtwange. Msijaze maji kwenye kinu, mtatwanga maji. Fungu moja linaweza kula dakika 40 au saa nzima, mnapokezana. Jaribio lake: chukua punje ya ukubwa wa harage, itie kwenye chupa ya maji ya kioo, tikisa, angalia kwenye mwanga. Nyuzi zikielea moja moja bila mafundo, basi. Mkiona mafundo, endeleeni. Blenda msiitupe lakini, ina kazi yake baada ya kinu, mnaweka nyuzi zilizotwangwa kidogo sana na maji mengi mnaizungusha sekunde tano tu ili nyuzi zitawanyike.

Mabonge yana sababu mbili, nyuzi ambazo hazijaiva, hiyo nimeshaisema, na beseni zito. Kwenye beseni la lita 20 gramu 100 za nyuzi, kwa uzito wa kavu, zinatosha kuanzia. Watu wanaweka kama uji alafu fremu inatoka na matope. Na kuna siri moja ya wazee wa kazi hii huko Japani ambayo huku tunaimudu bila kununua kitu: wao wanatia utelezi wa mizizi ya mmea unaoitwa tororo-aoi ili maji yachelewe kupita kwenye wavu, nyuzi zipate muda wa kujipanga sawa. Huo mmea ni ndugu kabisa wa bamia. Katakateni bamia, zilowekeni usiku kwenye maji ya baridi, chujeni kwa kitambaa, tieni utelezi kidogo kidogo kwenye beseni mpaka maji yawe na kamnato kadogo. Yasichemshwe, moto unaua utelezi. Mlenda sioni kwa nini usijaribiwe, sema upimeni kwenye beseni dogo kwanza kwa sababu unaweza kuacha rangi ya kijani.

Kujikunja kunatokana na ule moyo wa mgomba, lakini pia na kuanika. Uzi ukikauka unasinyaa kwa upana, na jua kali linakausha kingo kabla ya katikati, kwa hiyo kingo zinavuta na karatasi inapinda. Dawa yake ni kukandamiza kabla ya kuanika. Pangeni karatasi mbichi juu ya vitambaa, vipande vya blanketi kuukuu au khanga zilizochoka, karatasi kitambaa karatasi kitambaa, alafu mbao mbili nene juu na chini na mzikaze. Jeki ya gari ndani ya fremu imara ya mbao au ya chuma inafanya kazi nzuri mno, inatoa maji na papo hapo inasogeza nyuzi zikaribiane, kwa hiyo hata nguvu ya karatasi inaongezeka. Baada ya hapo kila karatasi ibandikeni kwa brashi laini kwenye kitu kilichonyooka, kioo, bati lisilo na mikunjo, plaiwudi iliyopigwa msasa, ikae kivulini kwenye upepo mpaka ikauke kabisa na ibanduke yenyewe. Upande uliogusa kioo utatoka laini, huo ndo wa kuandikia.

Wino kusambaa si ugonjwa, ni kwamba hamjaiziba. Karatasi yoyote isiyozibwa inanyonya wino kama inavyonyonya maji. Pikeni uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo, kama gramu 20 hadi 30 kwa lita moja ya maji, upoe, mpake pande zote mbili za karatasi iliyokwisha kauka, alafu mkandamize na kukausha tena. Jelatini isiyo na ladha kwa kipimo hicho hicho inafanya vizuri zaidi kwa wino wa kalamu. Ubaya wa wanga ni kwamba mende wanaupenda, stoo iwe kavu na safi. Na mtu akitaka kuchapisha kwa printa mwambieni ukweli mapema, karatasi ya mkono ina unene tofauti tofauti na printa nyingi za ofisini zitakwama nayo.

Weupe. Hapa niseme ninavyoona mimi: achaneni nao. Rangi ya mgomba ni ya dhahabu iliyokolea na ndo kitu pekee ambacho karatasi ya dukani haina. Jiki inaung'arisha uzi ndio, lakini inaushambulia na kuudhoofisha, na klorini yake ikikutana na mabaki ya lignini inatengeneza michanganyiko ambayo haifai kumwagwa kwenye udongo wala mtoni. Alafu mtu akija kuichanganya na siki au dawa ya choo yenye asidi inatoka gesi ya klorini, hiyo inaua. Kama mnahitaji iwe nyepesi rangi kidogo, tandazeni nyuzi zilizochemshwa na kusuuzwa juani zikiwa zimelowa, mzigeuze na kuzinyunyizia maji, jua linafanya kazi. Ikishindikana kuna haidrojeni peroksaidi, ikimaliza kazi inaacha maji na oksijeni tu.

Mgomba si lazima uwe peke yake. Karatasi chakavu za ofisini zilizochapwa upande mmoja ni mali, na karatasi nyeupe za kisasa za kopi kwa kawaida huwa na kalsiamu kaboneti ndani ambayo inasaidia karatasi yenu isichakae kwa asidi. Nusu kwa nusu na mgomba mnapata kitu kinachochoteka kirahisi na kuni zinapungua maana hizo hazichemshwi, zinalowekwa tu. Magazeti yanageuka njano haraka, na risiti za mashine za EFD msiguse, nyingi zina kemikali za bisfenoli kwenye ule mpako wake. Mkitaka nguvu zaidi ongezeni katani, uzi wake ni imara, na kama mna ndugu Shinyanga au Mwanza mkonge wa mipakani huko haukosekani. Gugu maji la Ziwa Victoria watu wa Kisumu wanalitumia, ni jambo zuri kwa ziwa lakini nyuzi zake ni dhaifu na mmea wenyewe ni maji matupu, linahitaji kuchanganywa na karatasi chakavu kwa wingi.

Sasa swali lako la mwisho, na nimelipenda kuliko yote kwa sababu wengi hawaulizi. Karatasi haiwi rafiki wa mazingira kwa sababu tu haikutoka kwenye mti. Mkichoma kuni za msitu masaa manne ili kupata karatasi chache zisizotokana na mti, hesabu imekataa. Loweka muda mrefu, funika sufuria, na baada ya kuchemka saa moja na nusu hivi jaribuni kuifunga sufuria kwenye kikapu kikubwa chenye maranda au blanketi, joto linaendelea kupika bila moto, asubuhi mnapima uzi na kumalizia. Kingine, hilo shina mnaloliita linabaki tu shambani, kwenye kibanja halibaki bure. Linaoza, linafunika udongo, linarudisha potasiamu ambayo mgomba unaila kwa wingi sana. Mkibeba mashina yote mwaka baada ya mwaka mikungu itaanza kupungua. Chukueni maganda ya nje ya baadhi ya mashina, moyo na nyama mlizokwangua zirudi shambani, na hapa majivu yanawashinda magadi na kostiki kwa mbali: maji meusi ya kuchemshia kwa majivu yana potasiamu, yakipoa mnayapunguza makali kwa maji mengi na kuyamwagia kwenye mboji, si kwenye mizizi moja kwa moja. Maji ya magadi au soda yana sodiamu, hayo yanaharibu udongo, yasiende shambani wala mtoni. Yatumieni tena kwa mchemsho unaofuata mkiongeza soda kidogo, na yakichoka myapunguze makali kwa siki na kuyamwaga kwenye shimo lililo mbali na kisima.

Alafu kuna mnyauko. Ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba uliingia Uganda mwaka 2001 na baadaye ukafika Kagera, mnaujua, na unasafiri kwa panga na kwa mashina yaliyobebwa kutoka shamba hadi shamba. Kikundi kinachokusanya mashina kwa watu wanane kinaweza kuusambaza kijiji kizima bila kujua. Msichukue shina kwenye shamba lenye dalili, majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata unatoka utomvu wa njano kama usaha. Kwanguieni hapo hapo shambani, mbebe nyuzi tu, na panga lipitishwe kwenye moto au kwenye jiki iliyochanganywa na maji kabla ya kwenda shamba lingine. Haya, jiki nayo imepata kazi.

Kuhusu mifuko sitawaficha. Marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 ilifungua soko, ni kweli, lakini soko la mfuko wa kubebea nyanya limeshachukuliwa na mifuko mbadala ya viwandani pamoja na kaki, na kaki nzuri inatengenezwa kwa nyuzi ndefu za misonobari, kiwanda cha Mgololo kule Mufindi wanaifanya kwa mashine kubwa. Pigeni hesabu pamoja nami. Kilo moja ya nyuzi kavu ikichemshwa inabaki kama nusu. Karatasi ya A4 ya unene wa gramu 120 kwa mita ya mraba inakula gramu 7.5, kwa hiyo mnapata karatasi 60 na kitu kama hamkuharibu hata moja. Mfuko mdogo unaweza kula A4 nne. Ni mifuko 15 kwa kukwangua, kuchemsha, kutwanga na kuchota kwa siku kadhaa, na ikinyeshewa inaachia chini mzigo unamwagika. Mtauza shilingi ngapi? Karatasi hizo hizo 60 zikiwa kadi za harusi, majalada ya daftari, lebo za pakiti za kahawa ya Kagera au vifuniko vya taa, mteja anailipia ile rangi na zile nyuzi zinazoonekana, halinganishi na kaki. Chakula msikifunge humo moja kwa moja, hasa mkishachanganya karatasi chakavu, mpaka mmezungumza na TBS, shirika la viwango.

Kwa sehemu ambayo mimi siwezi kuisaidia nikiwa huku, nendeni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Bukoba mwaulize kuhusu kutengeneza kikandamizio na fremu, na kama wana mafunzo ya ufungashaji na kupanga bei. Mkiwa na shaka yoyote na mashina, afisa ugani wa kata au watafiti wa migomba wa TARI Maruku wako karibu nanyi kuliko watu wengi nchini. Beba karatasi tatu za sasa hivi, mbaya mbaya hizo hizo, na tatu za baada ya kutumia kinu, na chupa ndogo ya maji ya majivu mnayotumia, fundi akizishika mkononi atawaambia mengi ambayo maandishi hayafiki. Na mwenzenu yeyote mwenye pumu asikae kwenye moshi wa kuchemshia, mpeni kazi ya kukwangua au kuchota.